Maana ya Neno "Anthesis"

Katika vitabu vya Kiingereza vya ukulima hutokea neno gumu, "anthesis", ambalo hata Waingereza wengi hawalijui. Asili yake ni Kiyunani: "anthos" ni ua, na "anthein" ni kuchanua. Si kutoa tumba, bali ni ule wakati tumba lifungukapo na ua kuwa wazi.

Kwetu sisi huo ndio wakati wa hasara, kwani karafuu ni tumba lisilofunguka bado. Ligeukapo kutoka kijani kuwa jekundu, lichumwe. Likichelewa, kichwa huanguka, na karafuu hiyo ikikaushwa bei yake hushuka. Tena matumba ya mti mmoja hayapevuki pamoja. Mchumaji hana budi kuurudia.