UGONJWA WA SUKARI NA JICHO JEKUNDU

Ndugu, mtu mwenye ugonjwa wa sukari akiona jicho lake ni jekundu, linauma, na mwanga wa jua unamchoma, asiseme, “Ni vumbi tu.” Labda ni uveiti, ndiyo kuvimba kwa ndani ya jicho. Uvimbe huu umeonekana zaidi kwa wale ambao sukari ya damu yao inakaa juu siku nyingi. Usipotibiwa upesi, duara la rangi linalozunguka mboni linashikamana na lenzi iliyo nyuma yake. Kwa hiyo munganga anatia dawa ya kupanua mboni, na matone ya kortizoni ya kutuliza uvimbe.

Matone hayo usiyanunue sokoni. Kama jicho lina kidonda cha vijidudu, kortizoni inaweza kulipofusha. Wala usitie maji ya majani, hata kama shangazi amekusihi.

Tena, vidonge vya prednizoloni vinapandisha sukari. Mwambie munganga ugonjwa wako kabla ya kuvimeza. Ukiisha kuanza, pima sukari mara kwa mara, wala usiviache ghafula bila kumwuliza.