Magimbi Hayataki Haraka

Mwezi huu tunazungumzia chakula ambacho wengi wetu tunakila na chai ya asubuhi: magimbi, au nduma kama wanavyoyaita ndugu zetu wa Kenya.

Aliyewahi kuyala yakiwa hayajaiva hasahau. Ulimi unawasha, koo linachoma, midomo inavimba. Si uchawi, wala si mkono mbaya wa mpishi. Ndani ya mmea huu, tangu gimbi lenyewe hadi jani, mna chembe ndogo sana za oksalati ya kalsiamu, zilizochongoka kama sindano. Ukitafuna kibichi, huchoma ngozi laini ya kinywa.

Basi menya kwa mikono mikavu au iliyopakwa mafuta. Chemsha mpaka uma upenye katikati, kisha mwaga maji yale. Majani machanga ni mboga nzuri, ila yanataka moto wa muda mrefu kuliko mchicha. Mwenye historia ya mawe ya figo amwulize daktari kwanza.

Wanga wa magimbi ni mwepisi tumboni, kwa hiyo yakipondwa humfaa mtoto aliyetimiza miezi sita. Lakini mama, gimbi peke yake halimjengi mtoto, maana protini yake ni kidogo. Mpondee pamoja na maharage, dagaa waliosagwa au yai. Mtoto anayeshibishwa magimbi matupu kila siku aweza kuonekana amenenepa, kumbe uso na miguu vimevimba kwa utapiamlo. Hili tunaliogopa kuliko kuwashwa.

Gimbi lina ndugu ambaye hapikwi kabisa: lile ua la chungu lenye majani mapana ya kijani na mabaka meupe, ambalo wataalamu huliita difenbakia. Tunaliweka sebuleni na barazani, mahali pale pale watoto wanapotambaa. Nalo lina sindano hizo hizo. Liinueni juu.

Mtoto akilitafuna, mtoe mabaki kinywani kwa kitambaa chenye maji, kisha mpe maji baridi au maziwa anywe kidogo kidogo. Msimtapishe. Utomvu ukiingia machoni, osheni kwa maji safi mengi kwa dakika 15. Ulimi ukivimba, akitokwa na mate mengi au akipumua kwa shida, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mchukue jani moja mkamwonyeshe mganga.