Somo kwa Makatibu: Faili Lisilojulikana Lisifutwe kwa Pupa

Mnamo mwaka 2002 ulienea uvumi kwa barua pepe kwamba faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi cha kompyuta na lifutwe mara moja. Wengi walilifuta. Kumbe lilikuwa faili halali la Windows. Kosa lake lilikuwa sura tu.

Basi ugeni wa jina si ushahidi. Katibu anayetafuta nafasi katika kompyuta ya chama na aanze na mafaili ya muda, akitumia chombo cha kusafishia kilichomo katika Windows yenyewe. Lililomo katika System32 asilifute kwa mkono. Akilitilia shaka, alipime kwa programu ya kukinga virusi. Kabla ya yote, nakala ya daftari la hisa za wanachama iwe imehifadhiwa nje ya mashine hiyo.