C. Narayana Reddy: Mapokeo na Majaribio katika Ushairi wa Kitelugu

Utangulizi

Mjadala kuhusu arudhi na ushairi huru si mgeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mara nyingi mjadala huo huendeshwa kana kwamba mshairi hana budi kushika upande mmoja na kuupa mwingine kisogo. Makala haya yanachunguza maisha na kazi za Cingireddi Narayana Reddy, mshairi na mhakiki wa Kitelugu, ili kuonyesha kwamba ujuzi wa mapokeo unaweza kuwa ndio msingi wa kuyavuka.

Maisha na Elimu

Narayana Reddy alizaliwa tarehe 29 Julai 1931 katika kijiji cha Hanumajipeta, wilaya ya Karimnagar, kusini mwa India. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Nizam wa Hyderabad. Ingawa wengi wa raia wake walizungumza Kitelugu, lugha ya utawala na ya elimu ilikuwa Kiurdu. Kwa hiyo, kijana huyu alisomeshwa kwa Kiurdu, huku ladha ya Kitelugu akiipata katika nyimbo na ngano zilizoimbwa kijijini. Hyderabad iliunganishwa na India mwaka wa 1948. Baadaye aliisomea fasihi ya Kitelugu katika Chuo Kikuu cha Osmania, akawa profesa huko, na hatimaye akawa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Kitelugu.

Mtaalamu wa Mapokeo

Tasnifu yake ya uzamifu ilihusu mapokeo na majaribio katika ushairi wa kisasa wa Kitelugu. Uzito wa mada hiyo unaeleweka tukiitazama arudhi yenyewe. Bahari za kale za Kitelugu hupimwa kwa mpangilio wa silabi fupi na ndefu. Kina kiitwacho prasa hakikai mwishoni mwa mshororo kama ilivyozoeleka katika shairi la Kiswahili. Hukaa kwenye silabi ya pili, na konsonanti yake hurudiwa katika mishororo yote minne ya ubeti. Aliyetaka kuzilegeza kanuni hizo alihitaji kwanza kujua zilifanya kazi gani.

Kutoka Wimbo hadi Utungo Huru

Tungo zake za mwanzo, kama vile Nagarjuna Sagaram (1955) na Karpura Vasanta Rayalu (1957), ni masimulizi marefu yanayoimbika. Baadaye aliuelekea ushairi huru. Diwani ya Mantalu Manavudu ilipata tuzo ya Sahitya Akademi ya mwaka wa 1973. Utenzi wake Viswambhara (1980) hauna mfalme wala shujaa mwenye jina: mhusika wake ni binadamu, na jukwaa ni maumbile. Kwa mchango wake alitunukiwa tuzo ya Jnanpith ya mwaka wa 1988, akiwa Mtelugu wa pili kuipata baada ya Viswanatha Satyanarayana.

Hata hivyo, hakuupa wimbo talaka. Alitunga nyimbo nyingi za filamu, na alikuwa miongoni mwa walioivumisha ghazali katika Kitelugu. Ghazali ina masharti makali: kila beti ya mistari miwili hujitosheleza kimaana, ilhali kina na kiitikio huziunganisha zote. Hivyo Kiurdu, lugha aliyolazimika kusomea utotoni, kikawa chemchemi ya kuitajirisha lugha ya mama.

Hitimisho

Narayana Reddy alifariki Hyderabad tarehe 12 Juni 2017. Anayetetea arudhi anaweza kusema kwamba Viswambhara iliacha urithi wa karne nyingi. Anayetetea ushairi huru naye anaweza kuiona ghazali kuwa ni kurudi nyuma. Kazi zake zinawajibu wote wawili: umbo lilichaguliwa kwa kuzingatia jambo lililotakiwa kusemwa. Mwanafunzi anayetaka kuandika ushairi huru, basi, hajasamehewa kujifunza mizani.