Ndugu Aliye Ng'ambo na Simu Isiyojibiwa

Mji wa Wuhan nchini China ulipofungwa tarehe 23 Januari 2020 kwa sababu ya virusi vya korona, wanafunzi wa Kitanzania walikuwamo, na wazazi wao huku nyumbani walibaki na simu mkononi. Yaliyowasumbua yanaweza kumpata mtumiaji yeyote wa huduma za mawasiliano mwenye ndugu nchi za mbali.

Wasiwasi huanza na ukimya. WhatsApp imezuiwa nchini China; wengi huko hutumia WeChat. Tiki moja, basi, huonesha kwamba ujumbe haujafika kwenye simu, wala haisemi lolote kuhusu afya ya mwenye simu. Tena saa za China zimetangulia za kwetu kwa saa tano: ukipiga saa nne usiku, kule ni saa tisa usiku na mtoto amelala. Kubalianeni mapema saa ya kuzungumza, pamoja na njia ya pili ya kupatana.

Tapeli huingilia hapo. Ujumbe wa "mama, nimelazwa, tuma kwenye namba hii" hauhitaji ustadi mwingi. Mzazi aliyekesha humalizia hadithi mwenyewe. Usitume fedha kabla ya kumsikia mhusika kwa njia yake ya siku zote, au kumuuliza jambo linalojulikana nyumbani pekee. Namba ya tapeli itolee taarifa kupitia 15040. Ikiwa fedha zimekwisha kwenda, mpigie mtoa huduma wako papo hapo, kabla hazijatolewa kwa wakala.