Udongo wa Kitalu Usiounguza Miche

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Mkulima wa Kisesa aliyelelewa katika kilimo cha pamba amezoea kupanda mbegu moja kwa moja shambani. Mbegu kadhaa hutiwa katika shimo moja, na miche iliyozidi hung'olewa baadaye. Kitalu cha nyanya au kabichi hakina ukarimu huo. Mbegu chotara huuzwa kwa bei kubwa katika pakiti ndogo. Kisesa iko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na soko la jiji, na kwa sababu hiyo kilimo cha mboga huwavutia wengi. Lakini chama kinachonunua mbegu kwa fedha za wanachama, kisha miche ikafa katika wiki ya pili, kimepoteza fedha na msimu pia. Kabla ya kuilaumu mbegu au aliyeiuza, yafaa udongo wa kitalu uchunguzwe.

Kwa nini miche huungua

Ndani ya kila mbegu mna akiba ya chakula. Akiba hiyo huutosha mche mpaka majani yake ya kweli yaanze kutoka. Katika siku hizo mche huhitaji maji, hewa na joto. Mbolea nyingi haina kazi kwake, bali humdhuru.

Mbolea ya dukani na samadi mbichi zikiyeyuka katika maji huwa chumvichumvi. Kila mpishi anajua kwamba nyanya zilizokatwa kwa kachumbari zikinyunyizwa chumvi hutoa maji. Ndivyo inavyokuwa kwa mzizi mchanga: chumvi ya udongo ikizidi, mzizi hushindwa kunywa, na hata maji uliyo nayo huvutwa nje. Mche hukauka ingawa udongo umelowa. Aidha, mbolea ya kuku iliyo mbichi, na Urea yenye naitrojeni kiasi cha asilimia 46, hutoa hewa ya amonia, ile harufu kali ichomayo pua katika banda la kuku. Hewa hiyo huua mizizi michanga.

Dalili zake

Mche ulioungua hubaki umesimama, lakini ncha na kingo za majani hugeuka rangi ya kahawia na kukauka. Ukichimbuliwa, ncha za mizizi huonekana zimekuwa nyeusi. Dalili hizi zisichanganywe na ugonjwa wa kinyausi, ambao husababishwa na ukungu wa udongoni. Mche wa kinyausi hunyong'onyea shingoni, pale shina linapotoka ardhini, kisha huanguka. Anayetibu kinyausi mahali palipoungua, au anayeongeza mbolea kwa kudhani kwamba miche ina njaa, hukamilisha hasara.

Kuchagua udongo

Wasukuma wameupa udongo wao majina tangu zamani, na majina hayo ni msaada mkubwa kwa mtunza kitalu. Luseni, udongo wa kichanga utokanao na miamba ya matale, hupitisha maji vizuri lakini hauyashiki kwa muda mrefu. Ikungu, udongo mwekundu wa tifutifu, hufaa sana. Mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mizizi michanga hukatika humo, na maji yakituama hukosa hewa. Ibambasi, udongo mgumu ambao mara nyingi una magadi, uachwe kabisa, kwa kuwa una chumvi kabla hata ya kutiwa mbolea.

Udongo uchotwe juu, kina kisichozidi sentimeta 15, mahali ambapo hapakulimwa nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo katika misimu ya karibuni, ili maradhi ya mazao hayo yasihamishiwe kitaluni.

Samadi

Tangu miaka ya 1930 watafiti wa Ukiriguru wameshughulikia rutuba ya ardhi ya Usukuma, na faida ya samadi katika mashamba ya kichanga inajulikana. Lakini linalofaa shambani si lazima lifae kitaluni. Samadi inayotoka zizini ina mkojo wa ng'ombe wa miezi mingi, na mkojo huo ni chumvi.

Samadi irundikwe kivulini, inyunyiziwe maji na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Ili kujua kama imeiva, kijiti kichomekwe katikati ya rundo na kuachwa kwa dakika chache. Kikitoka na joto, samadi bado. Samadi iliyoiva ni nyeusi, hufikichika mkononi, hunuka kama udongo wa msituni, na majani yake hayatambulikani tena.

Mchanganyiko

Kwa udongo wa ikungu: madebe 3 ya udongo, debe 1 la mchanga uliooshwa na debe 1 la samadi iliyoiva. Kwa luseni, debe la mchanga liachwe, na mahali pake patiwe debe la udongo wa ikungu au wa kichuguu. Vyote vichekechwe. Urea, DAP na majivu visitiwe.

Jaribio la siku kumi

Yachukuliwe makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja lijazwe mchanganyiko, la pili udongo mtupu usiotiwa samadi. Katika kila kopo zipandwe mbegu 20 za mchicha na mbegu 3 za maharage, zimwagiliwe sawasawa. Baada ya siku kumi, ikiwa kopo la mchanganyiko limeota kidogo kuliko la pili, au majani yake yameungua kingo, mchanganyiko huo una nguvu mno. Uongezewe udongo mtupu na ujaribiwe upya. Mbegu ya fedha nyingi isitolewe ghalani kabla ya jaribio kufaulu.

Miche ikianza kuungua, kitalu kimwagiliwe maji mengi yapitayo hadi chini ili chumvi ioshwe, au miche ihamishiwe udongo mtupu. Miche yenye afya ikishapata majani mawili ya kweli na kuonekana kupauka, yatosha kijiko kimoja cha chai cha CAN katika ndoo ya lita 10, kisha majani yasuuzwe kwa maji safi.

Kazi ya katibu

Katika daftari la kitalu katibu aandike mahali udongo ulipochotwa, umri wa samadi, idadi ya madebe, tarehe ya jaribio na hesabu ya mbegu zilizoota katika kila kopo. Miche ikifa, kamati itajadili maandishi, si tuhuma za mtu na mtu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika eneo la chama chenu, luseni, ikungu na mbuga zinapatikana wapi?
2. Samadi mliyo nayo ina umri gani, na nani aliithibitisha kuwa imeiva?
3. Nani katika kamati atakabidhiwa jukumu la kuzuia mbegu isitolewe kabla ya jaribio?