SAFARI YA PROTINI NDANI YA SELI

Kila protini ina mahali pake pa kazi, na mara nyingi mahali hapo si pale ilipoundwa. Je, njia ya kitu kidogo kiasi hicho hutambuliwaje?

Jaribio mashuhuri lilifanywa na James Jamieson na George Palade katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, likachapishwa mwaka 1967. Walichagua kongosho la simbilisi, kwa kuwa seli zake huunda vimeng'enya vingi na kuvitoa nje. Vipande vya kongosho viliwekwa kwa dakika 3 katika mchanganyiko wenye leusini nururishi, ambayo ni asidi amino. Kisha iliondolewa, ikatiwa leusini ya kawaida kwa wingi. Hivyo, protini zilizoundwa katika dakika hizo ndizo zilizobeba alama.

Seli ziligandishwa kwa dawa kwa nyakati mbalimbali, zikakatwa vipande vyembamba sana na kupakwa kemikali ya filamu ya picha. Penye mnururisho palitokea chembe nyeusi za fedha, zilizoonekana kwa hadubini ya elektroni. Mwishoni mwa dakika 3, chembe nyingi zilikuwa juu ya retikulamu endoplazimu yenye ribosomu. Dakika 7 baadaye, sehemu kubwa ilikuwa imefika pembezoni mwa Golgi; baada ya dakika 37, katika vifuko vinavyokusanya vimeng'enya; baada ya dakika 117, katika punje za akiba zinazongoja kutolewa.

Hata hivyo, kila picha ilikuwa ya seli iliyokufa. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni ya protini ya kijani ya yavuyavu hufanya kazi katika viumbe wengine. Protini iliyounganishwa nayo hung'aa ndani ya seli hai. Mwaka 1998 watafiti waliiunganisha na protini ya virusi inayoshika RNA, wakaiona RNA ya hamira ikisafiri hadi ncha ya chipukizi.

Elimu hii si anasa. Katika ugonjwa wa sistiki faibrosisi, mara nyingi protini ya kupitishia kloridi hukwama katika retikulamu endoplazimu na kuharibiwa kabla ya kufika kwenye utando wa seli. Ndipo makamasi mazito huziba mapafu. Baadhi ya dawa za sasa huisaidia protini hiyo kufika.

Swali: Kama leusini ya kawaida isingetiwa, chembe nyeusi zingeonekana wapi baada ya dakika 117, na kwa nini?